Alhamisi za Feruzi

Kwa binti yangu Mwanahawa, ambaye saa hii yuko chumba cha pili, shangazi zake wamemzunguka wakimtia hina miguuni.

Vicheko vyenu navisikia ukutani. Sala ya alasiri imekwisha, nami nimejitenga huku uani kwa kisingizio cha kutafuna tambuu. Kesho alfajiri utavuka Mto Kingani na watu wa mumeo mwende Saadani, na mimi nina maneno ambayo sikuwahi kukwambia. Ningeyasema kwa mdomo, lakini sauti yangu unaijua. Vumbi la chokaa liliila zamani, nikisema maneno kumi natafuta maji. Ila nisijifiche nyuma ya chokaa. Hata ningekuwa na sauti ya mwadhini, haya nimeshindwa kuyatamka kwa miaka mingi.

Mambo ya jikoni, ya kuishi na mawifi, ya kumpokea mume akirudi na uchovu wake, hayo sitayagusa. Shangazi zako wamekujaza nayo wiki nzima. Mimi nataka kukueleza jambo moja tu, nalo ni refu.

Juzi kwenye nikaha, ulipokuwa ndani, msemaji wa upande wa mumeo alisimama mbele ya watu akasema, "Sisi hatukufuata mali hapa. Tumefuata jina. Tumekuja kwa binti ya Athumani, mtu aliyeulinda msitu wa Visimani, akauza tanuri lake kumkomboa mtumwa wa watu." Wanaume wote wakaitikia. Mimi nikainamisha kichwa, wao wakadhani ni unyenyekevu.

Ulikuwa mdogo sana, Hawa. Hujang'oka hata jino la kwanza. Kwa hiyo unayoyajua ni yale mji unayoyasema, na mji unasema nusu.

Msitu wa Visimani umekua ukiuona, lakini ulioujua wewe ni mabaki. Nilipokuwa kijana ulianzia nyuma ya mtaa wa Dunda ukaenda mpaka njia ya bara, na katikati yake mlikuwa na visima vitatu vya maji matamu. Visima vya huku pwani vina chumvi, hilo unalijua. Kwa hiyo mji mzima ulikunywa kutoka kule. Palikuwa na mikuyu iliyosimama juu ya maji, na misandarusi, na mitende mwitu inayotoa ukindu, ambao wanawake waliukata kwa kusukia mikeka. Msitu haukuwa wa mtu. Maskini akitaka fito za kibanda alikwenda kule. Mwenye mtoto mgonjwa alikwenda kuchimba mizizi kule. Hakuna aliyeulizwa.

Na kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, sisi wachoma chokaa tuliingia na mashoka.

Chokaa inakula miti, mwanangu. Unapanga magogo duara, gogo juu ya gogo, kisha unapandisha mawe ya matumbawe juu yake, unawasha, na moto unakwenda usiku na mchana. Nyumba moja ya mawe ya tajiri inameza miti ambayo babu yangu aliikuta imesimama. Wakati ule pembe za ndovu zilikuwa zikishuka kutoka bara kila siku, na kila aliyepata alitaka nyumba ya mawe. Mimi nilikuwa na tanuri langu, nina watu kumi wa kukata, na nilijiona mtu mkubwa. Ukiniuliza kama nilijua kisima cha kwanza kimekauka kwa sababu yetu, nitakwambia nilijua. Nilisema ni kazi ya Mungu, nikaendelea kukata.

Aliyekataa alikuwa Bi Mvua. Wewe unamkumbuka akiwa kikongwe wa kukupa visheti. Wakati ule alikuwa mjane mwenye nguvu, msuka mikeka, mwenye ulimi wa kumchubua mtu. Ukindu ulipoanza kuadimika hakwenda kulalamika kwa mkubwa yeyote. Aliwakusanya wanawake wenzake wa mikeka akawaambia, "Kusuka tunasukia nyumbani. Kwa nini tusisukie msituni? Macho yetu yatakuwa na kazi ya pili." Basi wakagawana siku. Kila asubuhi wanawake watatu au wanne walitandika jamvi kwenye mdomo wa msitu, wakasuka na kuzungumza, na mtu akija na shoka wanasimama mbele yake. Hawakuwa na silaha. Hawakulipwa na mtu. Waliiita zamu, na wanaume tulicheka mpaka tukachoka.

Siku moja nilikwenda na watu wangu kuukata mkuyu mmoja niliokuwa nimeuwekea alama. Nikamkuta mtu ameketi shinani, ameegemeza mgongo kwenye mti, anasuka. Alikuwa mama yako.

Nikamwambia, "Zuhura, inuka. Watu wananitazama."

Akasema, "Na mimi wananitazama."

"Umeniaga unakwenda kwa dada yako."

"Nimepita kwake. Nimemsalimu. Sasa niko hapa."

"Huu mti una kazi."

"Ninajua. Kazi yake inatiririka kwenye mtungi wangu kila asubuhi. Kata, Baba Hawa, lakini mimi siinuki."

Wale watu kumi wakaanza kutazama chini. Nikageuka, nikaondoka na hasira zangu. Siku nne hatukusemezana. Siku ya tano nikaenda mwenyewe kuchota maji, maana mtungi ulikuwa mtupu na hakuna aliyeniambia kwa nini. Nikashuka kile kisima cha pili kwa kamba, nikakuta tope. Nilikaa mle chini kwa muda. Nilipotoka nikamwendea Bi Mvua nikamwomba siku ya zamu. Watu husema niliona nuru. Sikuona nuru yoyote. Nilikuwa nimechoka kunuka tope na kunyamaziwa ndani ya nyumba yangu.

Akanipa Jumamosi.

Kuanzia hapo wanaume wakaja pia, wavuvi wawili watatu, fundi seremala mmoja, na wengine ambao wamekwisha kufa. Tukakubaliana mambo machache. Kuni kavu achukue yeyote. Mti mbichi usikatwe mpaka watu wa zamu wakae na kuafikiana. Misafara ya kutoka bara ilale upande wa pili wa njia, na sisi tutawapelekea maji wenyewe. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote. Wapagazi mia wamefika na kiu, umewazuia msituni, basi uwe na mitungi tayari. Mama yako alibeba mpaka nywele zikamtoka utosini.

Sasa nikwambie habari za Feruzi.

Feruzi alikuwa mtumwa wa bibi mmoja mjane wa mtaa wa juu. Aliletwa mdogo, hakujua kwao ni wapi ila jina la mlima mmoja ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Kwa desturi ya hapa, unavyojua, mtumwa wa mtu ana Alhamisi na Ijumaa zake mwenyewe. Siku hizo wengine hulima vishamba vyao, wengine hubeba mizigo forodhani wapate chochote cha mkononi. Feruzi alikuja kwa Bi Mvua akasema anataka Alhamisi.

Bi Mvua akamwuliza, "Siku zako ni mbili tu. Moja unatupa sisi?"

Akasema, "Siwapi nyinyi, mama. Nakaa mahali ninapopenda."

Alhamisi zake hazikuwa kama Jumamosi zangu. Mimi nilikaa nikasubiri mwenye shoka. Yeye alichimba. Alichukua miche ya mikuyu iliyoota kwenye mawe akaihamishia pale tulipokata, akaizungushia miiba dhidi ya mbuzi, akainywesha maji kwa kifuu cha nazi, kimoja kimoja. Watu walimwita Bwana Miche kwa mzaha, akaitika. Nilimpenda mtu yule. Naandika neno hilo nikiwa na haya, kwa sababu ya yanayofuata.

Tajiri mmoja wa karibu na forodha, jina lake sitaliandika kwa kuwa ana wajukuu wasio na hatia, alitaka kujenga nyumba ya ghorofa. Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha. Akaniita barazani kwake. Nilizoea kupokelewa mlangoni, nikasemeshwa nikiwa nimesimama. Siku ile alininyanyukia. Akanikalisha kwenye zulia, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akaniita Sheikh Athumani. Hakuna aliyepata kuniita hivyo. Akasema, "Mimi siombi msitu wenu. Naomba ile miti iliyokufa ya upande wa nyuma, na ruhusa ya kuchomea chokaa palepale ili watu wangu wasibebe magogo mji mzima. Wewe ndiwe mkubwa wa zamu. Neno lako litatosha."

Sikuwa mkubwa wa zamu. Hatukuwa na mkubwa. Ningemwambia hivyo, au ningesema ngoja nikawaulize wenzangu. Kahawa ilikuwa nzuri, zulia lilikuwa laini, na watu waliokuwa wakipita njiani waliniona nimekaa pale. Nikamwambia, "Kateni."

Nataka uliangalie neno hilo vizuri, Hawa. Hakunilipa, hakunitisha. Alininyanyukia tu nilipoingia.

Sikumwambia Bi Mvua. Sikumwambia mama yako. Nilijiambia nitawaeleza baada ya kazi, wakishaona haikuleta madhara. Watu wake waliingia kwa upande wa nyuma siku ya Alhamisi, na mimi siku hiyo nilialikwa tena kahawa.

Nilikuwa na kikombe mkononi nilipouona moshi. Moshi nimeujua maisha yangu yote, wa tanuri najua umbo lake, unasimama mweupe na mnene. Huu ulikuwa umelala, mweusi chini, na kaskazi ilikuwa ikiusukuma kuja mjini. Tulikimbia sote. Tulipofika, ukindu wote ulikuwa unawaka, na ukindu ukiwaka unalia kama mafuta kwenye kikaango. Wakataji wa tajiri walikuwa wamekimbia. Feruzi alikuwa peke yake ndani, anapiga moto kwa matawi mabichi, na matawi yalipokwisha alipiga kwa shuka yake, na shuka ilipokwisha nilimwona akizoa mchanga wa moto kwa viganja. Tulipigana na moto ule mpaka magharibi. Tuliokoa kisima kimoja na miti iliyokizunguka. Huo ndio msitu ulioukuta wewe.

Kesho yake wazee wa mtaa wakakutana kwenye nyumba ya yule bibi mwenye Feruzi. Tajiri aliwahi kufika. Akasema watu wake hawakuwasha hata kijiti, kwamba mtumwa huyu alikuwa akirina asali na moshi wake ndio uliounguza. Feruzi alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa majani ya mgomba kwa ajili ya majeraha. Mzee mmoja akamwuliza, "Waliingia kwa ruhusa ya nani hao unaosema ulikuta wanakata?"

Feruzi alinyamaza.

Nilijua kwamba anajua. Wale wakataji, alipowazuia, lazima walimtajia jina langu. Angenitaja ningekuwa nimekwisha. Aliinua macho akanitazama mara moja, si kwa muda mrefu, kisha akatazama mikono yake.

Yule mzee akanigeukia. "Athumani, wewe ni mtu wa zamu. Unajua lolote?"

Nikasema, "Sikuwapo."

Lilikuwa neno la kweli. Hata kuapa ningeapa.

Wakamchapa uani. Mimi nilibaki na wazee, tukasikiliza, mmoja akaniuliza bei ya mtama. Baada ya wiki moja yule bibi, kwa aibu ya watu, akamwuza Feruzi kwa mwenye mashamba ya miwa Pangani. Alipitishwa mtaani kwetu amefungwa mnyororo mmoja na wengine watano. Wewe ulikuwa mlangoni. Ulimpungia mkono, na yeye hakuweza kuinua wake.

Nilikaa miezi mitatu. Nilikwenda zamu kila Jumamosi kama kawaida. Nilikula, nililala, nilikuchezesha mapajani. Watu hudhani mwenye kosa huwa hapati usingizi. Mimi nililala. Kilichonikuta ni uchovu, ule usioondoka kwa kulala. Uko nami mpaka leo.

Siku moja nikaenda kwa Bi Mvua nikamkuta anaanza mkeka mpya kwa ukindu alioomba kutoka kijiji cha Fukayosi, maana wa kwetu ulikwisha. Nikamwambia yote. Mkono wake haukusita hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Umekuja kwangu kwa sababu mimi ni karibu. Mwenye haki ya kulisikia neno hili yuko Pangani."

Nikamwuliza, "Na mji?"

"Mji utauambia mwenyewe, siku utakayoona haya kiasi cha kutosha. Mimi sitakusemea."

Jioni ile nikamwambia mama yako. Alilia. Hakunitazama kwa siku nyingi, kisha akanifungia chakula cha safari.

Nikaliuza tanuri na kiwanja chake na zana zake zote. Nikaenda Pangani kwa miguu. Nilimkuta Feruzi kwenye miwa, amekonda, vidole vya mkono wa kulia vimekunjika kwa makovu, havifunguki. Aliponiona akaacha panga chini.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Miche ya kisimani imeshika?"

Nikasema, "Minne imeshika. Miwili imekufa."

"Ile ya jiwe kubwa?"

"Imeshika."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nikaanza kusema niliyokuja nayo. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka ovyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

Akasema, "Ningekutaja, watu wangesema zamu yenyewe ndiyo iliyouza msitu. Nani angekwenda tena? Ile miche ilikuwa na mwezi mmoja." Kisha akaongeza, "Usidhani ni kwa ajili yako, bwana."

Nikamnunua kwa yule mwenye shamba, nikampeleka kwa kadhi palepale, ikaandikwa hati ya uhuru wake. Akaikunja akaitia ndani ya kofia. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu hatua ishirini.

Tulipofika Bagamoyo watu walitoka nje. Ijumaa ile imamu aliinua mikono akaniombea dua, akasema Mungu amlipe aliyeuza riziki yake kumkomboa mnyonge. Msikiti mzima ukaitikia amin. Na mimi niliitikia. Ningeweza kusimama palepale. Feruzi alikuwa safu ya nyuma. Nikanyamaza mara ya pili, na hii haikuwa ya hofu kama ile ya kwanza. Hii ilikuwa tamu.

Kwa hiyo jina unaloondoka nalo limejengwa hapo.

Feruzi aliishi mjini miaka mitatu. Siku zote saba zilikuwa zake sasa, na bado zamu yake ilikuwa Alhamisi. Mimi nikaiacha Jumamosi nikahamia siku yake. Tulikaa pamoja asubuhi mpaka alasiri. Alizungumza nami vizuri, habari za mchwa, habari za mbuzi wa watu, mti gani unapenda kivuli. Hakuwahi kunikumbusha. Mama yako alikuwa akituma chakula cha watu wawili, na kila mara Feruzi alisema, "Nimeshakula, bwana." Miaka mitatu, Hawa. Hakuonja hata tende ya nyumba hii. Kisha akaoa Mkwere wa Fukayosi, akahamia huko, analima muhogo.

Bi Mvua amekufa. Mama yako amekufa. Mimi nimebaki na zamu ambayo watu wanapungua kila mwaka. Vijana wanakimbilia forodhani, wengine wanajiandikisha kwenye misafara. Mwezi uliopita nilikaa peke yangu siku mbili mfululizo. Miti imerudi, si yote, lakini ukindu upo tena na kisima cha pili kina maji. Na kila mwaka anakuja mtu mpya na shoka, mwenye maneno yaleyale, nami namjibu yaleyale. Wengine wananiita Sheikh Athumani. Namwambia kila mmoja sina ruhusa ya kutoa mimi, nenda kawaulize wote. Hilo ndilo nililojifunza katika umri wangu wote, na ni dogo kwa gharama yake. Nimechoka, mwanangu. Sikudanganyi. Kuna asubuhi natamani wakate wamalize, nikalale.

Ulipoposwa, na nikasikia kwamba wametaka jina, nilikwenda Fukayosi. Wewe nilikuambia nakwenda kutafuta mbuzi wa harusi. Feruzi alikuwa akipalilia, jembe ameling'ang'ania kwa ule mkono usiofunguka. Nikamwambia, "Nataka kuwaambia watu."

Akasema, "Sema, bwana, au usiseme. Mimi nina muhogo wa kupalilia."

"Nimekuja kukuuliza kwa sababu habari ni yako."

Akapalilia mstari mzima kabla hajajibu. Halafu akasema, "Ukisema, usilie mbele yao. Ukilia watakuhurumia wewe. Hata huruma hiyo usinichukulie."

Leo asubuhi, baada ya chai, nilimwita mkwe wangu pembeni. Nilitaka asichukue mtoto kwa jina la uongo. Nikamwambia yote, kutoka kahawa mpaka amin, na sikulia. Alisikiliza huku akifunga na kufungua kilemba chake. Nilipomaliza nilijua kwamba akisema turudishiane, nitakuwa nimekuvunjia nyumba kabla hujaiingia. Mwishowe akauliza, "Binti anajua?"

Nikasema, "Bado."

"Basi mwambie kabla hajavuka mto. Asije akalisikia kwetu." Akainuka. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Punda watakuwa tayari alfajiri."

Hakunipa mkono. Sikutegemea anipe.

Ijumaa, wewe ukiwa Saadani, nitasimama baada ya sala niwaambie watu wa hapa. Huenda wakaniondoa kwenye zamu. Wakiniondoa, wana haki. Wasiponiondoa, Alhamisi nitakwenda.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Wewe hukukosewa na mimi, ila kwa huku kuchelewa. Nayaandika kwa sababu huko uendako utaketi mahali, utamiminiwa kahawa, utaitwa kwa jina zuri, na utaombwa neno moja ambalo si lako peke yako. Sijui utafanya nini. Mimi sikujua kwamba siku yangu ndiyo ile.

Barua hii ni yako. Msomee mumeo ukitaka, au ichome. Lakini siku moja watoto wako watauliza habari za msitu wa Visimani, nani aliulinda. Usianze na mimi. Waambie alikuwapo mwanamke msuka mikeka, na bibi yenu aliyeketi shinani hakuinuka. Waambie alikuwapo mtu mwenye siku mbili tu katika wiki zilizokuwa zake, akatoa moja. Wataje kwa majina yao. Kisha, ukibaki na pumzi, sema babu yenu alikuwapo pia.

Mungu akuvushe salama, akuweke mahali pa maji matamu.

Ni mimi baba yako,
Athumani, aliyekuwa mchoma chokaa